Maji Yetu na Maswali Yake Matatu

(Mada iliyotolewa mbele ya walimu wa madrasa na wajumbe wa kamati za misikiti ya Musoma, Bunda na Butiama)

  

Ndugu zetu walimu, wazee wetu wa kamati, na kina mama mliokaa upande wa pili wa pazia: mada tuliyopewa ni aina za maji yaliyomo katika mkoa wetu na hukumu zake. Yumkini wapo walioshangaa kwa nini jambo hili liletwe katika darasa la dini badala ya kuachiwa maafisa wa maji na wa afya. Jibu ni jepesi. Vitabu vyetu vya fiqhi havianzi na Swala, vinaanza na maji. Mtoto hukalishwa chini akafundishwa mlango wa maji kabla hajafundishwa kufunga takbira. Dini iliyoanza hivyo haiwezi kuambiwa kwamba maji hayaihusu.

Orodha ya vitabuni na swali la mtoto wa Musoma

Katika Matn Abi Shujaa, kitabu kidogo cha madhehebu ya Shafi ambacho kimesomeshwa Afrika Mashariki kwa vizazi vingi, maji yanayofaa kujitwaharishia yamehesabiwa kuwa saba: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Watoto huihifadhi orodha hii kwa wimbo. Lakini anayeisomesha mjini Musoma ajiandae kwa swali moja ambalo watoto huliuliza wenyewe: “Maalim, mbona ziwa halimo?”

Ni swali la haki. Mtoto huyo theluji hajapata kuiona, na bahari ameisikia tu. Ziwa ndilo analoliona akifungua mlango asubuhi. Basi anayefundisha asimkemee, amjibu. Katika lugha ya Kiarabu ziwa huitwa buhayra, nalo ni neno la kupunguza ukubwa lililotoka kwenye bahr, yaani bahari. Kwa hiyo ziwa ni bahari ndogo, na hukumu yake ni ile ya maji mengi. Wanazuoni walikusudia kutaja asili za maji, kwamba yote ama yameteremka kutoka mbinguni au yamechimbuka kutoka ardhini, na hata hayo ya ardhini tunaelezwa katika Suratuz Zumar, aya ya 21, kuwa ni yale yale yaliyoteremshwa kisha yakapitishwa ardhini yakawa chemchemi.

Hata hivyo, swali la mtoto limetufungulia mlango. Yapo maji mengi yanayotuzunguka ambayo hayakutajwa kwa majina katika orodha ile: ziwa, kinamasi, lambo, hodhi, tangi la plastiki, bomba, shimo la machimbo lililojaa mvua. Tunasema kwamba kila moja kati ya hayo linapaswa kuulizwa maswali matatu. Je, yanatwaharisha? Je, yanadhuru? Je, ni amana ya nani? Wengi katika jamii yetu wameishia swali la kwanza, na madhara tunayoyaona yanatokana na hayo mawili yaliyoachwa.

Maji aliyoyaweka Allah

Tuanze na ziwa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu yake imo ndani ya mipaka ya Tanzania. Pamoja na ukubwa huo, halina kina kirefu: wastani wake ni kama mita 40 tu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sehemu kubwa ya maji yake hailetwi na mito, inanyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe. Na mlango wake wa kutokea ni mmoja, kule Jinja nchini Uganda, unapoanzia Mto Nile. Maji mengine yote huondoka kwa kupanda hewani kama mvuke. Zingatieni maana yake. Mvuke haubebi taka. Kilichotupwa ziwani pale Mwigobero hakiondoki na mvuke, na mlango wa Jinja uko mbali. Zaidi ya watu milioni 40 katika nchi za bonde hili wanalitegemea ziwa hili kwa kunywa, kuvua na kulima.

Baada ya ziwa ni mito. Mto Mara, ulioupa mkoa wetu jina, huanzia katika nyanda za Mau nchini Kenya, ukasafiri karibu kilomita 400, ukapita mbuga za Maasai Mara na Serengeti wanakovuka nyumbu, kisha ukapita chini ya daraja la Kirumi na kuingia ziwani karibu na Musoma. Upande wa Bunda uko Mto Grumeti, unaotoka Serengeti kuelekea Ghuba ya Speke. Upo pia Mto Suguti, ambao wakulima na wafugaji wa Musoma Vijijini na Butiama wanaufahamu vyema. Mto ni maji yaendayo, na kila anayeutumia anatumia kilichoachwa na aliye juu yake. Msitu ukikatwa kule Mau, tope linafika Kirumi.

Kabla Mto Mara haujaingia ziwani hupita katika kinamasi kikubwa cha mafunjo na matete. Watu hukidharau kinamasi wakakiita pori la mbu. Wataalamu wanatufahamisha kuwa mafunjo yale ni chujio: hupunguza kasi ya maji, huzuia udongo, hunyonya mbolea iliyosombwa mashambani, na ndimo samaki wanamozalia. Hakuna binadamu aliyekijenga chujio hicho, wala hakuna anayelipia gharama zake.

Mwisho ni chemchemi. Katika sehemu nyingi za mkoa huu, chemchemi zililindwa na miiko ya wazee. Haikuruhusiwa kukata mti pale, wala kuoga, wala kupitisha mifugo, kwa kuamini kwamba mizimu itakasirika. Sisi tunafundisha kwamba mzimu hauleti maji wala hauyaondoi, na kwamba matambiko yanayofanywa hapo ni shirki. Mvua ikichelewa tumeelekezwa Swala ya kuomba mvua na istighfari. Hilo tunalisema bila kigugumizi. Lakini tuseme na la pili. Mtu akiondolewa khofu ya mizimu asiwekewe khofu ya Allah mahali pake, ataingia na panga na jembe, na chemchemi itakufa. Itakuwa aibu kubwa ikiwa mababu waliokosea katika itikadi waliyatunza maji kuliko wajukuu wao waliosahihisha itikadi. Suratul Mulk inamalizia kwa kuwauliza watu: maji yenu yakididimia ardhini, ni nani atakayewaletea maji ya chemchemi yatiririkayo? Swali hilo tunalisoma mara nyingi usiku kabla ya kulala.

Maji yaliyokusanywa kwa mkono wa mwanadamu

Aina ya pili ni maji ambayo asili yake ni ya Allah, ila mwanadamu ndiye aliyeyakusanya mahali pamoja.

Kuna kisima. Kipo kifupi kilichochimbwa kwa jembe na sururu, na kipo kirefu kilichotobolewa kwa mashine na kufungwa pampu. Lipo lambo, ambalo ni mkono wa udongo uliojengwa kukinga maji ya mvua kwa ajili ya mifugo, na wakati wa kiangazi huko vijijini Bunda na Butiama ng’ombe, mbuzi na kina mama wenye ndoo hukutana hapo hapo. Lipo hodhi la msikiti la kutawadhia. Yapo matangi yanayokinga maji ya bati.

Yapo pia maji ya bomba. Mji wa Musoma hupata maji kutoka ziwani kupitia mtambo wa Bukanga, na Bunda huletewa kutoka Nyabehu. Butiama na Kiabakari wamejengewa mradi unaochota maji Mugango, kwa fedha za Serikali pamoja na Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi ya Afrika na Mfuko wa Maendeleo wa Saudia. Huko nyuma mtu aliweza kuishi si mbali na ziwa akanywa maji ya lambo, kwa sababu ziwa liko chini na kijiji kiko mlimani. Maji hayapandi mlima bila mashine, wala mashine haiendi bila watu wa kuitunza na kulipa ankara.

Mwisho ni mashimo ya machimbo. Kule Buhemba, wilayani Butiama, dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni. Wachimbaji wadogo huosha mchanga katika mialo yao na hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Mvua ikinyesha, mashimo na vidimbwi hujaa, na kwa macho hayana tofauti na lambo. Macho hayaoni zebaki.

Swali la kwanza: Je, yanatwaharisha?

Hapa tunakwenda haraka kwa sababu mengi mnayajua. Asili ya maji ni twahara. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu kisima cha Budhaa cha Madina, ambacho taka zilikuwa zikiingia humo, naye akajibu kwamba maji yale ni yenye kutwaharisha. Hadithi hiyo wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Wanazuoni wameafikiana kwamba maji, yawe mengi kiasi gani, yakiingiwa na najisi ikabadilisha rangi, ladha au harufu yake, yamenajisika. Wamehitilafiana katika maji machache yaliyoingiwa na najisi bila kubadilika. Imamu Shafi ameshika hadithi ya qullatayn, kiasi ambacho wanazuoni wa zama hizi wanakikadiria kuwa kama pipa la lita 200 au zaidi kidogo: yaliyo chini ya hapo hunajisika kwa kuingiwa tu. Imamu Malik ametazama mabadiliko peke yake, na Sheikhul Islam Ibn Taymiyya ameelekea huko.

Basi ziwa, mto, kinamasi na lambo vyote ni maji mengi na yanatwaharisha mpaka yabadilike kwa najisi. Maji ya bahari yanatwaharisha pamoja na chumvi yake, na kadhalika kisima chenye chumvi ya ardhini. Huulizwa kuhusu maji ya bomba yanayonuka dawa, na maji ya lambo yaliyotiwa shabu ili tope litulie. Jibu ni kwamba kiasi kidogo kinachotiwa kwa ajili ya kuyatengeneza hakiyaondolei jina la maji, na udhu wake ni sahihi. Tena kutia dawa hiyo ni jambo la kupongezwa.

Ambacho watu hawakizingatii ni maji yaliyosimama. Amepokea Abu Hurayra (r.a.), na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyosimama kisha akaoga humo. Na katika Muslim imekatazwa mwenye janaba kuoga ndani ya maji yaliyosimama. Abu Hurayra alipoulizwa afanyeje, alisema ayachote. Neno hilo la kuchota mlihifadhi, tutalirudia.

Swali la pili: Je, yanadhuru?

Kuna kosa la ufahamu lililoenea: mtu akisikia kwamba maji ni twahara, huyahesabu kuwa salama. Hayo ni mambo mawili. Hukumu ya twahara inahusu kuswihi kwa ibada. Hukumu ya kunywa na kumnywesha mwingine inatazamwa pia katika msingi wa kuondoa madhara, kwamba Muislamu hadhuru nafsi yake wala hamdhuru mwenzake. Maji yanaweza kuwa twahara kwa udhu, na ikawa haramu kumpa mtoto ayanywe.

Mfano tunao hapa hapa. Machi 2022, wananchi wa eneo la Kirumi waliona maji ya Mto Mara yamegeuka rangi na kutoa harufu, na samaki wanaelea wamekufa. Serikali ilizuia matumizi ya maji hayo kwa muda. Timu ya wataalamu ikaeleza kwamba kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza kinamasini, vilimaliza hewa ya oksijeni majini. Wapo wananchi ambao hawakuridhika na maelezo hayo. Sisi hatukuja kuamua ugomvi huo, tunataka mtazame jambo moja. Tuchukue maelezo ya wataalamu kama yalivyo. Kwa madhehebu ya Shafi, kinyesi cha ng’ombe ni najisi, na rangi na harufu zimebadilika, basi maji yale yamenajisika. Kwa madhehebu ya Malik na Hanbali, kinyesi cha mnyama anayeliwa ni twahara, na majani yaliyooza hayanajisi, basi mtu angeweza kuhoji. Wakati wanafunzi wanajadiliana masuala hayo kwa dalili, samaki wamekwisha kufa. Swali la kwanza lina khitilafu. Swali la pili halina.

Mfano wa pili ni kichocho. Madaktari wanaeleza kwamba mtu mwenye kichocho hutoa mayai kwa haja ndogo au kubwa. Yakifika majini huanguliwa, vijidudu huingia ndani ya konokono, huongezeka humo, kisha hutoka na kutoboa ngozi ya anayeingia majini. Kwenye mwambao wa ziwa kinachosumbua zaidi ni kichocho cha tumbo, ambacho huharibu ini. Bara, kwenye malambo na madimbwi, huwa ni kile cha mkojo, ambacho mtoto hukojoa damu. Sasa irudieni hadithi ya Abu Hurayra. Katazo lile lilikata mnyororo wa maradhi haya karne nyingi kabla konokono hajajulikana. Mwenye kuitii kwa ajili ya Allah tu, bila kujua konokono, angekuwa amewahifadhi watoto wa jirani yake. Hatusemi kwamba hekima ya katazo ni hiyo pekee, maana Allah ndiye Mjuzi zaidi. Tunasema kwamba anayekojoa ziwani kisha akapanda ufukweni kuswali Laasiri, udhu wake unaweza kuwa sahihi, na bado ana madeni kwa watoto wanaoogelea hapo.

Na ni nani asiyekumbuka kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kikaenea katika mikoa mingi, Kanda ya Ziwa ikiwemo? Kipindupindu hakikuuliza maji ni qullatayn ngapi.

Swali la tatu: Ni amana ya nani?

Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Wanazuoni wakafafanua kwa daraja. Maji yaliyo mahali pake pa asili, kama ziwa na mto, ni ya wote, hayamilikiwi. Maji ya kisima ulichochimba katika ardhi yako, wewe ndiye wa mbele, ila kinachozidi haja yako huwezi kumnyima mwenye kiu. Na maji uliyoyatia katika chombo chako ni mali yako. Imo katika Bukhari na Muslim kwamba miongoni mwa watu ambao Allah hatawatazama Siku ya Kiyama ni mwenye maji ya ziada njiani akamnyima msafiri.

Sheria za nchi yetu hazikwenda mbali na hapo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayafanya maji yote kuwa ya umma chini ya dhamana ya Rais. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya eneo hilo. Wanazuoni wetu waliliita eneo la namna hiyo harimu ya kisima: mahali panapokizunguka ambapo hapachimbwi wala hapajengwi kitakachokidhuru. Wamehitilafiana katika kiasi chake, wakaafikiana katika kuwepo kwake. Kwa hiyo anayelima nyanya hadi kwenye ukingo wa Suguti asiseme anaonewa na Serikali.

Hapa tuna neno kwa kamati za misikiti. Sisi wa Mara tunaishi nyumba kwa nyumba na ndugu wasio Waislamu. Kisima kilichochimbwa uani kwa msikiti ni maji ya jirani pia. Mtume (s.a.w.) ameeleza kisa cha mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na akabainisha kwamba katika kila chenye uhai mna malipo. Ikiwa ni hivyo kwa mbwa, mama Mkristo aliyekuja na dumu lake ana haki gani? Kufuli kwenye pampu linalinda chuma dhidi ya wezi usiku, na hilo halina ubaya. Kufuli la kuchagua dini ya mchotaji halina asili.

Kutokana na daraja hizi tatu tunapata kanuni moja: kadiri maji yanavyokuwa machache, na kadiri mkono wa mwanadamu unavyozidi ndani yake, ndivyo jukumu linavyokuwa zito na mwenye jukumu anavyojulikana zaidi. Ziwa linatuhusu sote. Lambo lina kijiji chake. Hodhi la msikiti lina kamati yake, na majina ya wajumbe tunayajua.

Kisima kilichoachwa

Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma pale Madina akakifanya cha Waislamu wote, ndoo yake ikawa kama ndoo ya mwingine yeyote. Saad bin Ubada (r.a.) alifiwa na mama yake, na akaelekezwa kwamba sadaka bora ni maji. Bibi Zubayda, mke wa Khalifa Harun Rashid, aliyefariki mwaka 831, aliwajengea mahujaji mfereji uliopeleka maji Makka, na mfereji huo ukatumika kwa zaidi ya miaka elfu moja. Haukudumu kwa uhodari wa fundi wa mwanzo pekee. Ulidumu kwa sababu kila ulipobomoka alipatikana wa kuukarabati.

Kwa mifano hiyo Waislamu wengi, walio hapa nchini na walio nje, hutoa fedha ili kisima kichimbwe kwa ajili ya wazazi wao. Allah awalipe kheri. Lakini pita vijijini utazame. Utakuta kibao cha marumaru chenye jina la marehemu kinang’aa, na chini yake pampu imekatika mkono. Kilichokosekana pengine ni mpira mmoja au kipande cha bomba. Mfadhili yuko mbali, anaamini kwamba thawabu zinaendelea kumfikia mama yake. Kamati inasubiri mfadhili mwingine aje kuchimba kisima kipya hatua ishirini kutoka hapo, na kina mama wamerudi lamboni.

Ndugu zetu, neno jariya maana yake ni yenye kutiririka. Sadaka jariya ni sadaka inayokwenda. Kisima kilichosimama kimekwenda kinyume na jina lake. Na Suratul Hajj, aya ya 45, inapotaja alama za miji iliyoangamizwa kwa dhulma zake, inataja pamoja kisima kilichoachwa na kasri lililoinuliwa. Tufikiri juu ya msikiti wenye mnara mrefu na pampu iliyokufa uani.

Tunayoyaomba

Hatupendi mada iishe bila amali. Tunaomba kila kamati irudi na haya:

Kwanza, kila kisima cha msikiti kiwe na watu wawili wanaojulikana, na mfuko mdogo wa vipuri unaochangwa kila mwezi hata kama ni kwa shilingi mia mia. Mfadhili akija, aombwe kabla ya kuchimba atenge sehemu iwe wakfu wa matengenezo. Kisima kirefu kisichimbwe bila kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na ushauri wa RUWASA uombwe mapema.

Pili, choo cha msikiti au madrasa kisiwe juu ya kisima. Wataalamu hushauri umbali usiopungua mita 30, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Twahara ya kuingia chooni haikamiliki kwa kunajisi maji ya mwenzako.

Tatu, anayetawadha au kuoga ziwani, mtoni au lamboni achote kwa kata au kopo, asogee kando, na maji machafu na sabuni viishie ardhini. Hili ndilo neno la Abu Hurayra tuliloahidi kulirudia.

Nne, udhu usiwe wa kufungua bomba mpaka mwisho. Imethibiti kwamba Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudd moja, ambayo haifiki lita moja, na akioga kwa pishi moja hadi mudd tano. Ipo pia hadithi mashuhuri ya kukataza israfu hata kwenye mto uendao, nayo isnadi yake ina maneno kwa wanazuoni. Hii ya mudd inatutosha.

Tano, maji ya kunywa ya wanafunzi yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, yafunikwe, na yachotwe kwa chombo chenye mkono. Matangi na mahodhi yaoshwe kwa ratiba iliyobandikwa ukutani. Siku dawa ya kichocho inapogawiwa shuleni, mtoto asizuiwe, na afahamishwe kwamba dawa humtibu ila haimkingi akirudi kuchezea maji yale yale.

Sita, walimu wanapofika mlango wa maji wasiishie kwenye yale saba. Wawatoe watoto nje wawaonyeshe: hili ni ziwa, huu ni mto, hiki ni kinamasi, hili ni lambo, hiki ni kisima chetu. Kwa kila moja wawaulize maswali yote matatu. Mtoto aliyeuliza mbona ziwa halimo anastahiki jibu lote.

Tunamuomba Allah (s.w.) aliyeteremsha maji kwa kipimo na akayatuliza ardhini, naye ni Muweza wa kuyaondoa, asituondolee kwa madhambi yetu. Ayatie baraka ziwa letu, mito yetu na visima vyetu. Awarehemu waliotuchimbia, na atujaalie sisi kuwa miongoni mwa wanaovitunza. Amin.